Jinsi ya kupata leseni ya uvumbuzi wa jeshi la Marekani: mfuko wa maji usioganda kwenye baridi

Karakana yetu iko Montana na tunashona mikoba ya wapanda milima. Shida iliyonifikisha kwenye leseni za serikali ilianzia kwenye mrija wa kunywea unaotoka kwenye mfuko wa maji ndani ya mkoba. Mfuko wa maji hulala mgongoni, karibu na joto la mwili. Mrija hupita begani, mwembamba, umebeba maji kidogo, na upepo unaupiga pande zote, kwa hiyo ndio unaotangulia kuganda. Siku moja mlimani niliukamua kwa vidole nikasikia barafu ikivunjika ndani kama chumvi ya mawe. Nilikuwa na lita mbili mgongoni na sikuweza kunywa hata funda moja.

Baridi pia humdanganya mtu. Kiu hupungua, haja ndogo huzidi, na kila pumzi hutoka na unyevu. Askari anaweza kukaukiwa na maji akiwa amezungukwa na theluji, na hilo jeshi linalijua. Kule Natick, Massachusetts, maabara zake zinatafiti mavazi, chakula na namna mwili unavyostahimili baridi na joto. Kinachovumbuliwa na wataalamu wa serikali kikipata hataza, yaani haki ya kisheria inayolinda uvumbuzi, kampuni binafsi inaweza kuomba leseni ya kukitengeneza na kukiuza. Lakini fahamu mapema: unachopewa ni ruhusa. Bidhaa utaijenga wewe, kwa pesa zako.

Mahali pazuri pa kuanzia ni TechLink, shirika lililo Bozeman katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana, ambalo huziunganisha kampuni na maabara za Wizara ya Ulinzi. Orodha yao ya uvumbuzi iko wazi mtandaoni, na msaada wao wa kuandaa maombi haulipiwi.

Ukishapata namba ya hataza, isome yote kwenye tovuti ya ofisi ya hataza ya Marekani. Usiishie kwenye michoro. Nenda sehemu ya madai mwishoni, usome neno kwa neno, kwa sababu kinacholindwa ni kile kilichoandikwa pale tu. Kama dai linataja mrija wenye waya wa kupasha joto, na wewe unataka kushona kifuniko cha mrija cha kuzuia baridi kisicho na waya, huenda leseni hiyo huihitaji kabisa. Angalia pia tarehe ya maombi, maana hataza hudumu miaka 20 kuanzia hapo, na uulize kama imesajiliwa nchi nyingine. Ikiwa ni Marekani peke yake, haitakulinda sokoni Kanada.

Kisha amua aina ya leseni. Isiyo ya pekee ni rahisi zaidi kuipata, ila mshindani wako anaweza kupewa pia. Ukitaka ya pekee, serikali hutangaza nia yake na kuwapa watu siku zisizopungua 15 za kupinga. Ushauri wangu kwa karakana ndogo ni kuomba upekee kwenye eneo moja la matumizi, kwa mfano vifaa vya michezo ya theluji, kuliko kuomba kila kitu. Biashara ndogo zenye uwezo hupewa kipaumbele kisheria, kwa hiyo taja idadi ya wafanyakazi wako.

Uzito wote uko kwenye mpango wa biashara. Sheria inaudai, na wa kwanza niliouandika ulirudishwa. Nilikuwa nimejaza kurasa kwa sifa za kitambaa, bila kusema nina mtaji gani, nani atashona, wala lini bidhaa itafika dukani. Wa pili niliuandika mwezi kwa mwezi: sampuli, majaribio kwenye friza, idadi ya mifuko ya mwanzo, bei, na wateja walioniahidi kununua. Usiandike tarehe usiyoweza kuitimiza, kwani utaripoti maendeleo yako, na ukiuacha mpango leseni inaweza kufutwa.

Kwenye majadiliano kuna ada ya kuanzia, mrabaha, yaani malipo kwa mwenye hataza kwa kila mauzo, na mara nyingi kiwango cha chini cha kila mwaka. Pigania kiwango hicho kiwe kidogo miaka ya mwanzo, kabla hujaanza kuuza. Serikali itabaki na haki ya kutumia uvumbuzi wake bila kukulipa. Na kwa kawaida, bidhaa utakazouza Marekani zitatakiwa kutengenezwa kwa sehemu kubwa humo humo, kwa hiyo usipige hesabu za kiwanda cha ng'ambo.

Kabla ya kutia saini, omba kuzungumza na wavumbuzi wenyewe. Sheria huwapa sehemu ya mrabaha, hivyo nao wanataka ufanikiwe. Mimi niliuliza swali moja tu: nini kilishindikana? Nikaelezwa ni gundi ipi ilipasuka, mshono upi ulivuja, na kwa nini betri iliwekwa ndani ya koti. Nenda na daftari, na usinunue hata mita moja ya kitambaa kabla ya mazungumzo hayo.