Jinsi ya kufuatilia jina la ukoo la Kiyahudi: mfano wa Horowitz

Nimemaliza kumsaidia mtu anayetafuta ukoo wa bibi yake mzaa mama, Horowitz. Njia ni hii hii kwa majina mengine yaliyotokana na miji, kama Landau na Auerbach.

Hatua ya 1: Anza na mji. Horowitz ni watu wa Hořovice, kusini magharibi mwa Prague. Jina hili ni kongwe: Aaron Meshullam Horowitz alijenga sinagogi la Pinkas mjini Prague mwaka 1535, ilhali Wayahudi wengi wa himaya ya Austria walilazimishwa kuwa na majina ya ukoo mwaka 1787.

Hatua ya 2: Kusanya tahajia zote. Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo usiharakishe. Kwa Kiebrania, herufi vav husimama badala ya o, u na v. Jina lile lile, karani mmoja ameliandika Horowitz, mwingine Hurwitz. Likifika Urusi, ambako alfabeti haina H, linageuka Gurvich au Gurevich. Ukitafuta kwa H peke yake, unaacha nje tawi zima la ukoo.

Na usitumie Soundex ya kawaida ya Kimarekani, yaani mfumo unaogeuza jina kuwa msimbo kufuata sauti yake. Inashikilia herufi ya kwanza, kwa hiyo Horowitz inakuwa H632 na Gurevich G612, kana kwamba hawajuani. Tumia mfumo wa Daitch-Mokotoff, uliotungwa mwaka 1985 kwa ajili ya majina ya namna hii. H na G za mwanzo zote unazipa 5, w na v zote 7, na Horowitz, Hurwitz na Gurvich yote yanapata 597400. Gurevich pia, ingawa ch ya Gurvich na Gurevich inaweza kusomwa kwa njia mbili, hivyo majina hayo mawili yana msimbo wa pili, 597500. Tafuta kwa misimbo yote miwili. Tovuti ya nasaba za Kiyahudi ya JewishGen inao mfumo huu, nami siendi kwingine kwanza.

Hatua ya 3: Tafuta, kisha chuja kwa mji wa kuzaliwa.

Hatua ya 4: Soma kaburi. Kina Horowitz kwa kawaida ni Walawi, kwa hiyo tazama birika la maji lililochongwa kwenye jiwe, au neno ha-Levi (Mlawi) baada ya jina la baba. Ukikuta mikono miwili ya kuhani, usilitupe kaburi hilo. Huko Galicia, jimbo la zamani la himaya ya Austria (leo ni sehemu za Poland na Ukraine), ndoa nyingi za kidini hazikusajiliwa serikalini, na watoto waliandikwa kwa jina la mama. Baba kuhani, mama Horowitz, mtoto Horowitz: ukoo ni wake kweli, ila kwa upande wa mama.

Hatua ya 5: Kama unataka kujua jina limeenea kiasi gani, jumlisha tahajia zote za hatua ya 2. Tovuti zinazohesabu kila tahajia peke yake zitakuonyesha ukoo mdogo uliotawanyika, na Gurevich wa Urusi hawatahesabiwa kabisa.