Kujenga mtandao wa taarifa za afya wa nchi nzima: anzia zahanati, sio kwenye app

Wadau, watu wengi wakipewa hii kazi wanakimbilia kutengeneza app, mi nasema app ije mwishoni kabisa. Nenda kwanza zahanati ya kijijini ukae na nesi umwone anavyofanya kazi. Pale mezani kuna vitabu vya MTUHA (mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za huduma za afya), cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha watoto, cha waliojifungua, na mwisho wa mwezi nesi huyohuyo aliyetoka kuzalisha usiku anakaa anahesabu mstari kwa mstari, anajumlisha, anajaza fomu ya ripoti iende wilayani. Sasa ukimletea tableti juu ya vitabu vyote hivyo umempa kazi mara mbili, atajaza za kubuni tu, na hapo data ya taifa zima imeshaharibika kabla haijafika kwenye sava. Kwahiyo kaa na wizara mapema mkubaliane kitabu gani kinaondoka mfumo ukiingia.

Programu usiandike upya jamani. DHIS2, programu ya kukusanya na kuchambua takwimu za afya, ipo na ni bure, ilianzia Afrika Kusini miaka ya 90, inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Kenya waliiweka mtandaoni nchi nzima 2011 na sisi Bongo tunaitumia pia. App yake ya simu inakubali kujaza hata kama hakuna netiweki, ukifika penye mnara ndio unatuma, na kwa vijijini hilo halina mjadala.

Kabla ya kuanza kuingiza data andaa orodha moja ya vituo, kila kituo na namba yake ambayo mifumo yote inaitumia. Vijiji na mitaa inayoitwa Majengo ipo kibao, ukitegemea jina tu chanjo za huku zitahesabiwa kule.

Kwa upande wa wananchi, msisahau wenye kitochi. Wazazi Nipendeni, huduma ya meseji kwa wajawazito, ilivyoanza 2012 mama alikuwa anatuma neno MTOTO kwenda 15001, bure, anapata meseji za Kiswahili kulingana na umri wa mimba yake. Bure ndio siri yenyewe, ukimkata hata shilingi 50 umempoteza.

Siri za wagonjwa sasa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, isomeni. Wilayani na wizarani zipande namba za jumla tu, majina yabaki kituoni, na kila mtumishi awe na paswedi yake, sio moja imebandikwa ukutani wanaingia nayo wote, maana hali ya VVU ya mtu ikivuja kijijini haifutiki.

Halafu rudisheni taarifa kwa nesi! Aone malaria ya kituo chake mwezi kwa mwezi, atajaza vizuri kwasababu inamsaidia kuagiza dawa na vipimo. Na hela ya bando na ya kutengeneza simu zikiharibika iwekeni kwenye bajeti ya halmashauri tangu mwaka wa kwanza, msisubiri mfadhili aondoke ndo muanze kuitafuta.