Mjamzito na homa ya mafua: namna ya kujipatia kinga, wewe na mtoto aliye tumboni

Kina mama wengi hapa Mombasa, wakitajiwa chanjo ya homa ya mafua katika kliniki ya wajawazito, hujibu kwamba wao walishaugua mwezi uliopita na wakapona. Jibu hilo lina mantiki yake, kwa kuwa sote tumekua tukiona kwamba mtoto aliyeugua surua haugui tena. Homa ya mafua haiendi hivyo. Mwongozo huu ni kwa mjamzito, na pia kwa mumewe na mama mkwe ambao mara nyingi ndio washauri wake wa kwanza, ili ajue kinga aliyonayo ni ya kiasi gani na namna ya kuiongeza kabla ya kujifungua.

Anza kwa kujiuliza uliugua nini hasa. Katika mazungumzo yetu neno homa hubeba mambo mengi: joto la mwili, malaria, mafua mepesi ya siku tatu, na hiyo homa ya mafua yenyewe, yaani influenza. Mafua mepesi huletwa na virusi vya aina nyingi visivyo na uhusiano na influenza, na kuvishinda hakukupi kinga dhidi ya influenza. Homa ya mafua ya kweli aghalabu huja kwa ghafla: asubuhi ulikuwa mzima, na kufika magharibi mwili wote unauma, joto limepanda, kichwa kinagonga na kikohozi kikavu kimeanza. Hata hivyo dalili peke yake hazithibitishi kitu, kwani malaria, dengi na korona zaweza kuanza vivyo hivyo, na katika pwani yetu mjamzito mwenye joto hana budi kupimwa malaria bila kuchelewa. Kinachothibitisha influenza ni kipimo cha majimaji yanayochukuliwa kwa kijiti puani au kooni. Ikiwa hukupimwa, usiuhesabu ugonjwa ule kuwa kinga.

Tuseme ulipimwa na ikathibitika. Hapo umepata kinga ya kweli, na si haki kuidharau: damu yako ina kingamwili, yaani protini zinazokishika kirusi, utando wa pua yako una kingamwili zake, na chembe za kumbukumbu zimeshaijua sura ya kirusi kile. Tatizo ni kwamba kinga hiyo inalenga zaidi aina ile moja uliyougua. Zinazozunguka miongoni mwa watu ni influenza A za makundi ya H1N1 na H3N2, pamoja na influenza B, na aliyepona H3N2 anaweza kuugua H1N1 baada ya miezi michache. Tena, virusi hivi hubadilika kidogo kidogo katika ganda lao la nje, pale pale ambapo kingamwili hushika, hata kinga ya zamani ikawa kama mlinzi wa lango la bandari anayekagua magari kwa orodha ya mwaka jana. Ndiyo maana wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani hukaa mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, kuchagua upya aina zitakazotiwa katika chanjo.

Kuna jambo jingine ambalo naliona ni zito zaidi: kinga ya kuugua mjamzito huinunua kwa bei kubwa. Mimba inapokua, mapafu hubanwa, moyo hufanya kazi ya ziada, na mfumo wa kinga hubadilika ili mwili uweze kumbeba mtoto. Kwa sababu hiyo wajawazito walikufa kwa wingi katika janga la mwaka 1918, na katika lile la H1N1 la mwaka 2009 walikuwa tena miongoni mwa waliolazwa mahututi. Joto kali katika wiki za mwanzo limehusishwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, na ugonjwa mkali baadaye waweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Kwa hiyo usikubali ushauri wa kujiachia uugue ili mwili uzoee.

Chanjo hutoa kinga bila gharama hiyo. Anayopewa mjamzito ni sindano yenye virusi vilivyouawa au vipande vyake tu, kwa hiyo haiwezi kumuambukiza homa ya mafua. Ipo nyingine ya kupuliziwa puani, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, na hiyo wajawazito hawapewi. Sindano hufundisha mwili aina tatu kwa pamoja, au nne kwa chanjo za miaka iliyopita, na kingamwili za kutosha huwa zimejengeka baada ya wiki mbili hivi. Aliyeugua na kupona naye aichome, kwa sababu itamkinga na zile aina ambazo hakukutana nazo.

Faida ya pili ni ya mtoto. Kingamwili za aina ya IgG, ziwe zimetokana na ugonjwa au chanjo, huvushwa na kondo la nyuma kutoka damu ya mama hadi damu ya mtoto, na uvushaji huo huongezeka sana katika miezi mitatu ya mwisho. Mtoto aliye chini ya miezi sita hachanjwi influenza, hivyo mwanzoni mwa maisha yake hutegemea akiba aliyopewa na mama. Utafiti uliofanywa Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto wa mama waliochanjwa walipata influenza iliyothibitishwa na maabara kwa asilimia 63 chini ya wale wengine. Nchini Afrika Kusini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, hatari ilipungua kwa karibu nusu kwa mama wasio na virusi vya Ukimwi na kwa watoto wao, na mama wanaoishi na virusi hivyo nao walikingwa. Nusu si yote, na mama anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, lakini anayeugua baada ya kuchanjwa mara nyingi huugua kwa wepesi zaidi.

Kuhusu wakati, sindano hii yafaa katika mwezi wowote wa mimba. Ukiichoma katikati ya mimba au baadaye mtoto hupata sehemu kubwa zaidi, mradi isiwe chini ya wiki mbili kabla ya kujifungua. Lakini usiisubirishe kwa sababu hiyo tu ikiwa ugonjwa umeshaingia mtaani. Huku kwetu influenza huonekana mwaka mzima, haingoji majira ya baridi kama Ulaya. Kila mimba ina sindano yake, kwa kuwa kingamwili hupungua baada ya miezi na virusi navyo hubadilika.

Sasa namna ya kuipata. Katika kliniki nyingi za umma chanjo hii haitolewi kwa kila mjamzito kama ile ya pepopunda, kwa hiyo huna budi kuiulizia mwenyewe, na mara nyingi hupatikana kwa malipo katika hospitali binafsi na vituo vya chanjo za wasafiri. Mahujaji wetu wengi huchomwa chanjo ya homa ya mafua kabla ya kwenda Makka, na familia iliyowahi kupeleka hujaji huenda inajua pa kuanzia. Piga simu kwanza, uliza bei, kisha uliza chanjo waliyonayo ni ya msimu gani na inaisha muda lini. Mombasa iko kusini kidogo mwa Ikweta, na unaweza kukuta ile ya kaskazini au ile ya kusini. Chukua iliyo mpya zaidi badala ya kukosa yote.

Usinunue chanjo dukani ukaitia katika mkoba ili ukachomwe kwingine. Chanjo hii hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na safari ya tuktuk kutoka mjini hadi Kisauni, au msongamano wa feri ya Likoni saa saba mchana, yaweza kuiharibu bila alama yoyote ya nje. Iliyoganda kwenye friji nayo imeharibika. Uchomwe pale pale inapotunzwa.

Siku hiyo beba kijitabu cha mama na mtoto, mweleze muuguzi kama uliwahi kupata mzio mkali wa chanjo, na kama una joto kali subiri lishuke. Mafua mepesi si kizuizi. Sindano ya pepopunda inaweza kutolewa siku hiyo hiyo katika mkono mwingine. Kaa kituoni robo saa baada ya kuchomwa. Mkono kuuma na uchovu wa siku moja au mbili ni jambo la kawaida. Hakikisha tarehe na jina la chanjo vimeandikwa kijitabuni, maana atakayekuzalisha huenda si yule aliyekuchoma.

Tangawizi, asali na ndimu hutuliza koo, na hakuna ubaya kuvinywa, ila havijengi kingamwili. Kujifukiza chini ya blanketi hadi mwili upate moto sana kunamweka mtoto hatarini, hasa mimba ikiwa changa.

Ukiugua licha ya chanjo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani dawa ya oseltamivir hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na wajawazito huruhusiwa kuitumia kwa maagizo ya daktari. Shusha joto kwa paracetamol, usitumie ibuprofen wala aspirin bila kuulizia. Ukipumua kwa shida, kifua kikiuma, ukichanganyikiwa, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, hiyo ni dharura hata kama ni usiku wa manane.

Baada ya kujifungua endelea kunyonyesha, hata ukiwa mgonjwa. Vaa barakoa, nawa mikono, na maziwa yako yatampa mtoto kingamwili nyingine. Wanaoishi naye nyumbani, hasa ndugu zake wanaorudi kutoka chekechea na madrasa, wachanjwe ikiwezekana. Akiba aliyopewa na mama hupungua mwezi kwa mwezi, kwa hiyo akitimiza miezi sita ulizia chanjo yake mwenyewe: mara ya kwanza hupewa dozi mbili, zikipishana kwa wiki nne.