Kukinga chemchemi: kazi ya kujitolea inayomfaa mhandisi wa ujenzi

Mhandisi wa ujenzi anayetaka kuisaidia jamii kwa ujuzi wake aanze na chemchemi: ajenge ukuta mbele ya jicho, yaani mahali maji yanapotokea ardhini, na kuyatoa kwa bomba. Haihitaji pampu wala umeme. Waashi wawili na nguvu za wanakijiji zinatosha. Lakini kuna kosa moja linaloweza kuipoteza kabisa, na hapo ndipo mhandisi anapohitajika.

Pima mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa machache. Yaelekeze yote kwenye ndoo ya lita 20 kwa kipande cha bomba, uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, unapata nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Kwa lita 20 kila mtu, hayo ni ya watu 2,160, ila ya usiku yatamwagika bure kama hakuna tangi. Waulize pia wanaochota kama maji huchafuka mvua ikinyesha. Yakichafuka, maji ya juu ya ardhi yanaingia humo, na chanzo chake kitafutwe kabla ya kununua saruji.

Kisha chimba kufuata maji hadi uyaone yanapotokea, kwenye jicho lenyewe, na ufike tabaka gumu lisilopitisha maji. Msingi wa ukuta ukae ndani ya tabaka hilo, la sivyo maji yatapita chini yake. Ukuta ukijengwa, acha bomba la muda chini kabisa ili maji yaendelee kutoka. Zege halishiki vizuri likioshwa na maji.

Bomba la kuchotea liwe chini ya jicho, hata kwa sentimita 10 tu. Usikubali kulipandisha ili ndoo ienee chini yake, hata wanakijiji wakikubembeleza; hilo ndilo kosa linaloipoteza chemchemi. Maji yakizuiwa juu ya kiwango chake cha asili husukuma kurudi nyuma, yakatafuta njia nyingine ardhini, na chemchemi huhama. Nafasi ya ndoo, kama sentimita 50, ipatikane kwa kushusha sakafu mbele ya ukuta na kuchimba mtaro wa kutoa maji.

Nyuma ya ukuta jaza mawe na kokoto zilizooshwa, juu yake udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, halafu udongo wa kawaida na nyasi. Usipande miti hapo. Upande wa mlimani, mita 8 hadi 10 kutoka kwenye jicho, chimba mfereji wa kukinga maji ya mvua, na zungushia uzio. Choo kisiwepo upande huo kabisa. Kwingine kikae angalau mita 30.

Mwagilia zege kwa siku 7. Wachague walinzi wa chemchemi mapema, wakiwemo wanawake wanaochota kila siku, na uwaachie mchoro unaoonyesha jicho lilipo. Mwaka unaofuata, msimu uleule, wapime tena kwa ndoo. Yakipungua, kagueni kwanza mizizi ndani ya kokoto, kisha unyevu chini ya ukuta.