Handbreki ya Land Cruiser 80 haishiki? Usianze na kebo

Jumamosi iliyopita nilikuwa South B kwa shemeji yangu. Land Cruiser yake ya 80, ile yenye diski nyuma, iliteremka polepole pale getini ilhali handbreki ilikuwa imevutwa hadi juu. Kebo ilikuwa imeshakazwa mara mbili. Nakuomba, usikaze kebo kwanza. Ukifanya hivyo unauficha ugonjwa, na kesho utarudi palepale.

Handbreki ya gari hili haitumii pedi. Ndani ya kila diski ya nyuma kuna ngoma ndogo yenye brekishuu zake, na kazi yote iko humo.

Hatua ya 1. Paki mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya matairi yote mawili ya mbele, kisha inua nyuma na uweke stendi. Usiamini gia. Nyingi za 80 zina difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo tairi moja la nyuma likiwa hewani, gari linaweza kuondoka hata likiwa kwenye gia. Achia handbreki.

Hatua ya 2. Legeza nati ya kebo mpaka kebo ilegee kabisa. Toa tairi na kalipa (kile kifaa kinachobana diski kwa pedi), na kalipa uifunge kwa waya isining'inie kwenye paipu yake. Diski ikigoma, ina matundu mawili yenye nyuzi: kaza boliti mbili za milimita 8 zamu kwa zamu, itatoka.

Hatua ya 3: belkranki. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima miaka ya nyuma, kwenye gari langu mwenyewe. Nyuma ya sahani ya breki, upande wa ndani wa tairi, kuna kimkono cha chuma kinachovutwa na kebo. Kinazunguka kwenye pini, na raba yake ikipasuka, tope na maji huingia na pini inashika kutu. Kilichonidanganya ni kwamba kilikuwa kinasogea nikivuta handbreki. Nikaona ni kizima. Kumbe kilikuwa hakirudi chote, kwa hiyo kila nilipopima shuu nilikuwa napima zikiwa zimefunguka nusu.

Kwa hiyo mwombe mtu avute na kuachia handbreki wewe ukitazama pande zote mbili. Kila kimkono kirudi chenyewe, haraka, mpaka kiguse boliti yake ya kusimamia. Kikichelewa hata kidogo, kitoe. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, uache hadi asubuhi. Usigonge ncha ya pini kwa nyundo moja kwa moja, itapanuka na haitapita tundu, tumia panchi (kipande cha chuma cha kusukumia pini). Kama lazima utumie moto, sogeza mbali paipu ya breki na waya za ABS kama gari linazo. Safisha pini kwa msasa laini hadi kimkono kizunguke kwa kidole, paka grisi ya joto kali, weka raba mpya. Raba ya zamani usiirudishe. Kirinyaga Road, Nairobi, kwenye maduka ya spea, utapata nyingine. Shughulikia pande zote mbili hata kama moja tu ndiyo iliyoganda.

Hatua ya 4. Shuu zikiwa na oili ya difu, badilisha sili ya ekseli inayovujisha na shuu zenyewe. Kuzichoma kwa petroli, kama wengi wanavyofanya, hakuondoi oili iliyozama ndani. Vumbi usilipulize kwa upepo, shuu za zamani huenda zina asbesto. Osha kwa dawa ya kusafishia breki.

Hatua ya 5. Rudisha diski. Kupitia tundu lake, zungusha kigurudumu cha meno kinachopanua shuu, kwa bisibisi, mpaka diski isizunguke, kisha rudisha meno 8. Diski izunguke huru.

Hatua ya 6. Sasa ndipo unaigusa kebo: toa ulegevu tu, vimkono visivutwe. Rudisha kalipa na tairi.

Shuu mpya zinahitaji kuzoeshwa. Kwenye barabara kavu, tambarare na isiyo na magari, endesha kilomita 50 kwa saa, bonyeza kitufe cha handbreki usikiachie, uivute kidogo kwa mita 400 hivi. Acha ipoe, rudia mara mbili. Ukifika nyumbani, sogeza kiganja karibu na rimu za nyuma. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, rudi hatua ya 3 upande huo.