Fundisha hesabu kwa kuchora uwanja wa netiboli

Kama una watoto wa la sita au la saba na eneo la wazi, hata kama ni vumbi tupu, usihangaike na zana za kufundishia, chora nao uwanja wa netiboli. Vipimo ni mita 30.5 kwa 15.25, urefu ni mara mbili ya upana, ila hilo usiwaambie, waache waligundue.

Tafuta kamba ya katani (ya nailoni inavutika, itakuharibia vipimo), vigingi, tepu na majivu. Chokaa nayo sawa ila inaunguza macho, amwage mtu mzima. Halafu kwenye wazazi humkosi fundi ujenzi, mwombe aje nusu saa awaonyeshe anavyopata skwea ya msingi, maana watoto wakimwona baba wa mwenzao anapiga 3-4-5 (pembetatu ya pande 3, 4 na 5, inayotoa pembe mraba) kama mchezo, hofu ya Pythagoras inapungua sana, na huyo mtoto siku hiyo anatembea kifua mbele.

Kwenye kona tulieni. Kamba iwe mita 12, weka alama mita ya 3 na ya 7, kwa kalamu, usipige fundo maana fundo linakula kamba. Mmoja ashike ncha zote mbili pamoja, wawili washike alama, wavute mpaka ikaze, pembe mraba itakuwa kwenye ile alama ya mita 3. Kona zote nne zikikaa pimeni mishazari, lazima ilingane, kama mita 34.1 kila mmoja. Ikipishana, uwanja umelala, na hapo usisahihishe chochote! Waulize kigingi kipi kihame, waache wabishane hata robo saa, wale wa kimya darasani utawasikia.

Ukigawa uwanja mara tatu, 30.5 haigawanyiki vizuri, wakadirie tu.

Nusu duara la goli ni rahisi, kamba ya mita 4.9, mmoja asimame katikati ya mstari wa goli, mwingine azunguke akimwaga majivu. Kabla ya kupima kila kundi libashiri urefu wa ule mviringo, kisha walaze kamba juu yake, itakuja kama 15.4, ndo wapige 22/7 mara 4.9 waone.

Jioni waiteni kina mama wa mtaani wacheze, watoto wahesabu magoli. Mvua ikifuta mistari, la tano wachore upya, la sita wawasimamie.