Ufahamu wa kiingereza kwenye mtihani wa kuingia masta: acha kutafsiri, soma kazi ya sentensi

Nawaandikia hasa nyie mliopo huku kusini, Mtwara mjini, Masasi, Lindi, Nachingwea, ambao digrii ya kwanza mnayo, mnaaplai masta nje na mmeambiwa mlete GRE (mtihani wa kuingia masta, hasa Marekani) au IELTS (mtihani wa kupima kiingereza chako), na kila mkifanya maswali ya ufahamu mnapata nusu. Mi nilikwama hapo hapo miezi kadhaa. Kifungu nasoma mara tatu, maneno nayajua karibu yote, nachagua jibu nikiwa na uhakika kabisa, nikiangalia majibu nimekosa. Iliniuma kwa sababu nilikua nafundisha sekondari na kiingereza nakitumia kila siku.

Tatizo nililigundua kwa kuchelewa na ndio kitu nataka ukishike kabla ya vyote: sisi tumezoea ufahamu wa aina nyingine. Umesoma msingi kwa kiswahili, form one unakutana na kiingereza kila somo, unajizoesha kutafsiri neno kwa neno kichwani, alafu kwenye mtihani swali likija unarudi kwenye kifungu unatafuta mstari wenye maneno yanayofanana na ya swali, unaunakili, unapewa alama zako. Kwenye GRE tabia hiyo inakumaliza. Jibu lililobeba maneno yale yale ya kwenye kifungu mara nyingi ndio mtego, na jibu lenyewe limeandikwa kwa maneno mengine kabisa ambayo kwenye kifungu huyaoni.

Kwanza jua unafanya mtihani gani, msichanganye. GRE tangu Septemba 2023 imefupishwa, mtihani mzima ni kama saa moja na dakika 58. Upande wa lugha una maswali 27 kwa dakika 41, umegawanywa sehemu mbili, ya kwanza maswali 12 kwa dakika 18 na ya pili maswali 15 kwa dakika 23, na ugumu wa hiyo ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza. Karibu nusu ya maswali hayo ndio ufahamu, yaliyobaki ni ya kujaza maneno. Alama zinaanzia 130 mpaka 170. IELTS ya kitaaluma yenyewe, upande wa kusoma, ina vifungu vitatu virefu, maswali 40, dakika 60. Na kabla hujatoa hela yako cheki ukurasa wa programu unayoomba, programu nyingi za Marekani siku hizi zimeacha kudai GRE, kuna watu wamejisomea miezi mitatu kwa kitu ambacho hawakuombwa.

Haya sasa mazoezi yenyewe. Wiki mbili za kwanza weka saa pembeni kabisa. Chukua kifungu kimoja tu kwa siku, kifupi, aya moja au mbili, na daftari. Soma sentensi ya kwanza, simama, andika kwa kiswahili SIO maana yake bali KAZI yake. Mwandishi anafanya nini hapa? Anadai kitu, anaeleza wengine wanavyoamini, anapinga, anakubali kidogo ili apinge vizuri, anatoa mfano, anaonyesha sababu. Maneno mawili matatu yanatosha, "imani ya wengi", "anaipinga", "mfano wa kupinga". Ukimaliza kifungu funika, andika sentensi moja ya kiswahili inayosema mwandishi alitaka ukubali nini. Ukishindwa kuandika hiyo sentensi moja basi hujaelewa, hata kama kila neno unalijua, rudi tena. Najua mtaambiwa na watu kwamba lazima ufikirie kwa kiingereza muda wote, mi siamini hivyo. Kiswahili chako ndio kinakuonyesha kama umeelewa kweli au unajidanganya, kwasababu kwa kiingereza unaweza ukarudia maneno ya mwandishi ukadhani umeelewa.

Ni kama kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, huchimbi popote kwenye kichaka, unatafuta kamba yake juu ndio unaifuata chini. Kwenye kifungu hiyo kamba ni maneno madogo tunayoyaruka: "however", "yet", "although", "nevertheless", "while", "far from", "hardly". Hapo ndipo mwandishi anapogeuka na swali linatoka hapo hapo. Chukua "while", sisi tunaisoma "wakati" moja kwa moja, ila kwenye maandishi ya kitaaluma mara nyingi ni "ingawa", na ukishaikosea hiyo sentensi nzima imegeuka. "Anything but" inamaanisha sio kabisa. Alafu kuna maneno unayoyajua tangu form one ila huku yana maana ya pili, "qualify" kupunguza ukali wa dai, "check" kuzuia, "arrest" kusimamisha kitu kisiendelee, "want" upungufu. Haya yanaumiza kuliko yale magumu ya kukariri, maana neno gumu unajua hulijui, ila "qualify" unaipita ukiwa na amani.

Nikuonyeshe kwa mfano niliotunga mwenyewe, wa hapa hapa kwetu. Watu wa Lindi mnaijua habari ya Tendaguru, mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na msafara wa wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin na mpaka leo ipo pale makumbusho. Soma hii:

"The skeleton that towers over visitors in Berlin is usually credited to the scientists who led the expedition. Yet the bones were dug out of Tendaguru, and carried for days to the port of Lindi, by African workers whom most accounts mention only in passing."

Swali, lengo kuu la mwandishi ni lipi?
A. Kueleza jinsi mifupa ilivyosafirishwa kutoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi.
B. Kuonyesha kwamba sifa ya kazi ile haijagawanywa kwa wote walioifanya.
C. Kudai kwamba mifupa ile irudishwe Tanzania.

Fanya kama nilivyosema. Sentensi ya kwanza kazi yake ni "imani ya kawaida", neno la kuangalia ni "usually". Ya pili inaanza na "Yet", kazi yake "anaigeuza", waliochimba na kubeba ni wengine na wanatajwa kwa kupita tu. Jibu ni B, na angalia, hakuna neno "sifa haijagawanywa" popote pale. A imejaa maneno ya kifungu, Tendaguru, bandari, Lindi, yote yapo na yote ni kweli, ila ni maelezo ya pembeni yaliyoletwa kusaidia hoja. C ndio hatari zaidi kwa mtu wa huku. Hoja ya kurudisha ile mifupa tumeisikia sana, inatugusa, wewe pengine una msimamo kabisa, na mwandishi anaonekana yuko upande wetu, kwahiyo mkono unaenda C wenyewe. Ila kwenye kifungu hajasema lolote kuhusu kurudisha. Unachokijua wewe kiache nje ya chumba cha mtihani, jibu lazima uweze kuliwekea kidole kwenye mstari. Na jibu lingine likisema hakuna maandishi YOYOTE yaliyowataja wale wafanyakazi pia sio, mwandishi kasema "most", na akasema wanatajwa kwa kupita, sio kwamba hawatajwi.

IELTS ina mtego huo huo kwa sura nyingine, ile ya kweli, si kweli, haijatajwa. Si kweli maana yake kifungu kinasema kinyume. Haijatajwa maana yake kifungu kimekaa kimya, hata kama wewe unajua jibu la kweli ni lipi. Wengi wetu tunaichanganya hii kwasababu ukimya tunauchukulia kama kukataa.

Daftari la makosa, hili usiliache hata ukiwa umechoka. Kila swali ulilokosa andika vitu vitatu: kwanini jibu ulilochagua lilikuvutia, mstari gani unalikataa, na mstari gani unathibitisha lile sahihi. Usiandike "sikuwa makini", hiyo haikusaidii chochote. Baada ya wiki rudia swali lile lile bila kuangalia. Mi nilipofika kama maswali arobaini hivi kwenye daftari niliona kosa langu ni moja linajirudia, nachagua majibu makali mno, yenye "all", "never", "only", wakati mwandishi amesema kwa upole. Kujua hilo tu kulinisaidia kuliko orodha ya misamiati niliyokua nabeba kila mahali. Na kuna aina moja ya swali la GRE inayokuambia chagua majibu yote yaliyo sahihi kati ya matatu, linaweza kuwa moja, mawili au yote, na ukikosea hata moja hupati kitu, kwahiyo kila jibu lipime peke yake kama swali la kujitegemea.

Vya kusoma vipo vya bure. ETS wenyewe ambao ndio wenye GRE wana mitihani miwili ya mazoezi ya bure inaitwa POWERPREP, huo wa kwanza fanya mapema ujue ulipo, wa pili USIUGUSE mpaka karibu na mwisho. Kwa kusoma kila siku tumia tovuti ya The Conversation, maandishi ya wasomi ya sayansi, historia, uchumi, sio marefu. Project Gutenberg ina vitabu vya zamani, chukua insha za karne ya 19, sentensi moja inaweza kula mistari sita na ukizizoea hizo za mtihani unaziona nyepesi. Shusha kabisa kwenye simu ukiwa na bando, umeme ukikatika au mtandao ukizingua usiwe na sababu. Soma mada unazozichukia pia, kama we ni mtu wa sayansi soma uhakiki wa fasihi, maana mtihani haukuulizi unapenda nini. Na jizoeze kwenye skrini, sio kuprinti, mtihani wa GRE ni kompyuta na kalamu yako haiwezi kupiga mstari kwenye kioo.

Kama una mwenzako mnajiandaa wote fanyeni hivi, mmoja anasoma kifungu kimya kimya, anafunga, anamsimulia mwenzie hoja kwa kiswahili, na yule mwingine ambaye hajasoma anamuuliza, "kwahiyo yeye mwenyewe anakubali au anakataa?" Hilo swali moja linaumbua sana. Sisi tulikua tunafanya jioni barazani, dakika ishirini tu, na nadhani ndio zilizonifikisha.

Kuanzia wiki ya tatu au ya nne ndio ulete saa. Maswali 27 kwa dakika 41 ni kama dakika moja na nusu kila swali, ila kifungu kirefu kitakula zaidi, kwahiyo ukibanwa jaza jibu lolote, weka alama, songa mbele, ndani ya sehemu ile ile unaruhusiwa kurudi. Hakuna kukatwa alama kwa kukosa, usiache wazi hata swali moja. Muda mzuri ni alfajiri kabla ya kazi, kichwa kipo safi na nyumba imetulia. Na kama kwenu kuna mikorosho usipange tarehe ya mtihani katikati ya msimu, Oktoba, Novemba watu wote mko shambani na ghalani, utalipia mtihani alafu husomi.

Siku kumi kabla fanya ule mtihani wa pili wa POWERPREP, saa ile ile utakayofanyia mtihani wenyewe, simu imezimwa, mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Baada ya hapo usijifunze maneno mapya, rudia daftari la makosa tu. Kama unaenda kufanyia Dar panda basi siku mbili kabla, upate usiku mmoja wa kulala vizuri baada ya ile safari, na njiani usisome chochote, lala.